Sahani ya Saa Nne Usiku
Hotuba kwa wachuuzi, mama lishe na wabeba mizigo wa Kariakoo, Dar es Salaam

Wakubwa zetu, shikamooni. Wadogo na rika letu, habari za mchana. Asanteni kwa kufunika bidhaa na kuacha meza kwa saa nzima. Tunajua saa ya Kariakoo ina bei yake, kwa hiyo hatutaimaliza kwa salamu.

Kuna neno moja ambalo mtu akisimama nusu saa kwenye dirisha la duka la dawa hapa jirani lazima alisikie: gesi. Anayeungua kifuani ana gesi. Aliyejaa tumbo kama ngoma ana gesi. Aliyekosa choo tangu Jumatatu ana gesi. Anayebanwa kifua, jasho jembamba linamtoka na mkono wa kushoto unamuuma, naye anasema gesi imempanda. Huyo ndiye anayetutisha kuliko wote, maana huenda ni moyo. Na isipokuwa gesi, basi ni vidonda vya tumbo. Muuzaji kasikia neno moja, katoa dawa moja, na wiki ijayo mgonjwa yuleyule yuko dirishani palepale.

Leo tunataka kulipasua hilo neno. Njia ya chakula ni bomba moja, ila kila kipande chake kina kazi yake na saa yake. Ukiweza kusema panauma wapi, ni muda gani tangu ule, na choo kikoje, umemrahisishia kazi mganga yeyote utakayemwona, na mara nyingi utagundua hata dawa huhitaji.

Tuchukue sahani moja tuifuate. Wali, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga, pilipili ya kuponda, soda baridi. Mlaji kafunga duka saa kumi na mbili, kagombea gari la Mbagala, kakaa kwenye foleni, kafika kwake saa tatu na nusu. Tangu asubuhi ana chai na vitumbua viwili tu. Saa nne kamili usiku anakula, tena anakula kwa dakika saba. Saa nne na nusu amelala chali.

Tonge likimezwa huteremka kwenye umio, bomba la sentimita kama 25, kwa sekunde zisizozidi kumi hivi. Chini ya umio pana msuli wa mviringo, ufikirie kama mdomo wa mfuko wa kamba: unafunguka chakula kipite, kisha unajibana. Chini yake ni tumbo lenyewe lenye asidi kali. Tumbo lina ute wa kulikinga na asidi hiyo, umio hauna. Kwa hiyo mdomo huo ukilegea na asidi ikapanda, unaungua nyuma ya mfupa wa kifua, wakati mwingine hadi kooni, na maji machachu yanakujaa mdomoni. Hicho ndicho kiungulia. Huja ndani ya saa moja au mbili baada ya kula, au ukiinama kufunga mzigo, au ukilala. Kwa wengine hakiunguzi, kinawapa kikohozi cha usiku na sauti ya kukwaruza asubuhi.

Mlaji wetu kaukosea ule msuli kila upande. Tumbo limejaa pomoni kwa mara moja, na kujaa kunausukuma. Mafuta ya nazi na ya samaki yanachelewesha tumbo kumwaga chakula chake. Soda imeongeza hewa: chupa ya mililita 350 ikitoa hewa yake yote hufika karibu lita moja, na kila anapobeua, msuli unafunguka. Kisha akalala, na mvuto wa dunia unaoshikilia asidi chini ukaondoka.

Tiba ya kwanza haiuzwi. Acha saa tatu kati ya mlo na kulala. Tunajua mtakachosema, kwamba ukila saa nne utalala saa saba na saa kumi na moja alfajiri uko kituoni. Basi hamisha mlo. Kula sahani yako nzito saa kumi au kumi na moja jioni, hapahapa, kabla hujafunga. Ukifika nyumbani kunywa uji au kula papai na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mama lishe mliopo, hiyo nayo ni biashara kwenu: mteja wa jioni yupo, anasubiri mtu wa kumpikia.

Cha pili ni kitanda. Inua upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali la inchi sita chini ya kila mguu wa upande huo linatosha kabisa. Kurundika mito miwili si badala yake, kwa sababu mito inakunja kiuno na kulibana tumbo, asidi inapata nguvu zaidi. Cha tatu, lalia ubavu wa kushoto. Tumbo limeelekea kushoto, na ukilala upande huo asidi hutuama chini ya ule mdomo wa mfuko. Ukilalia kulia, mdomo ndio unakuwa chini. Legeza mkanda, na mama zangu, legezeni khanga kiunoni mnapokaa kupika mkiwa mmeshiba.

Kuhusu vyakula vya kukatazwa, hatutawapa orodha. Pilipili inamuunguza huyu, inamwacha yule. Ndimu, nyanya, kahawa, chai ya rangi, chokoleti, pombe, sigara: vyote vinashukiwa, lakini hatia inathibitishwa tumboni mwako. Andika kwenye daftari lako la madeni, ukurasa wa nyuma, wiki mbili: umekula nini, saa ngapi, umeungua saa ngapi. Ukiona chakula kimoja kinarudi mara tatu, kiache. Vinginevyo utajinyima ndimu bure.

Maziwa baridi yanapoza, ndiyo, kwa dakika chache. Kisha protini na kalisi yake zinaliamsha tumbo litoe asidi nyingine. Soda ya kuokea iliyokorogwa na ndimu nayo inapoza na kukubeusha, lakini nusu kijiko cha chai kina zaidi ya miligramu 600 za sodiamu, wakati mtu mzima hatakiwi kuzidisha miligramu 2,000 kwa siku nzima, chumvi ya mchuzi ikiwemo. Mwenye presha au maradhi ya moyo na figo asiiguse. Na asiye na presha asiinywe tumbo likiwa limejaa pomoni, maana inazalisha hewa nyingi kwa ghafla.

Dawa za kuzimua asidi, zile nyeupe za kutafuna au za majimaji, zina siri ndogo ambayo karibu kila mtu anaikosa. Ukizinywa tumbo tupu, hutoka tumboni na nafuu yake ni kama nusu saa. Ukizinywa saa moja baada ya kula, chakula huzishikilia na nafuu hufika hata saa tatu. Zenye magnesi huwa zinaharisha, zenye alumini au kalisi hufunga choo, ndiyo maana nyingi huchanganywa. Zisikutane tumboni na vidonge vya damu vya wajawazito, wala antibayotiki za doksisaiklini na siprofloksasini. Huzishika zisiingie mwilini. Acha saa mbili katikati, kwa siprofloksasini zaidi ya hapo.

Omeprazoli ni kitu kingine. Wengi hapa mnaimeza wakati kifua kinaungua, na mnasema haifanyi kazi. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Haizimui asidi iliyopo. Inazima vijipampu vya ukuta wa tumbo vinavyotengeneza asidi, na inavikamata vikiwa kazini tu, yaani chakula kinapoviamsha. Kwa hiyo meza moja ya miligramu 20 nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kila siku, na uipe siku tatu nne ionyeshe nguvu yake. Usiitafune wala kuisaga. Wiki mbili hadi nne zinatosha kwa kiungulia cha kawaida. Kinachorudi kila ukiacha, mpelekee daktari badala ya kuongeza boksi jingine. Aliyeitumia miezi kisha akaiacha ghafla huungua kuliko mwanzo kwa wiki kadhaa. Huko ni kurudi kwa asidi iliyokuwa imezuiwa, si lazima iwe ugonjwa umezidi. Huyo hupunguziwa polepole.

Kabla hatujatoka kwenye umio, neno juu ya chai. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Saratani hiyo iko juu katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Kosa la chai ni moto wake tu. Ipe dakika tano kwenye kikombe. Na mtu yeyote ambaye ugali unamkwama, akahamia kwenye wali, kisha wali ukamkwama akahamia kwenye uji, huyo hana kiungulia cha kununulia dawa dirishani. Apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Sasa sahani yetu iko tumboni. Itakaa humo saa mbili hadi nne, na kwa mafuta yale hata zaidi. Maumivu ya hapa hukaa juu ya kitovu, chini ya chembe ya moyo. Kujaa haraka, kichefuchefu, kuchoma. Mara nyingi hakuna kidonda chochote. Ni tumbo linalofanya kazi kwa tabu, na mlo mdogo mara nne kwa siku hulisaidia kuliko mlo mmoja wa kulipiza kisasi.

Kidonda chenyewe kina tabia. Cha utumbo unaoanzia tumboni huuma njaa ikiingia, saa mbili tatu baada ya kula, na humwamsha mtu saa nane usiku. Akila kipande cha mkate kinatulia. Cha tumboni mara nyingi huuma chakula kikifika. Lakini tabia hizi zinaingiliana, na anayeweza kuapa kwamba una kidonda ni yule aliyekiona kwa kamera ya kumezeshwa.

Vinatoka wapi? Kwa miaka mingi lawama zilikwenda kwa mawazo na pilipili. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walimkuza maabara bakteria anayeishi kwenye ute wa tumbo. Wenzao hawakushawishika. Mwaka 1984 Marshall akamnywa bakteria huyo mwenyewe, na siku chache baadaye tumbo lake likawaka kwa ndani. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo ni Helikobakta pailori, yule mnayeandikiwa kwenye karatasi ya maabara kama H. pylori. Watu wengi mno wanaye na hawaumwi chochote maisha yao yote, kwa hiyo karatasi yenye alama ya kujumlisha peke yake haikufanyi kuwa na vidonda.

Angalieni pia kipimo chenyewe. Cha damu kinatafuta askari wa mwili, na askari hao hubaki kwa muda mrefu hata baada ya adui kufa. Mtu aliyetibiwa akapona anaweza kupimwa damu, akaambiwa bado unao, akanywa dawa mara ya tatu bure. Ombeni kipimo cha choo au cha pumzi, vinavyoonyesha bakteria aliyepo sasa. Kabla yake uwe umeacha omeprazoli wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo bakteria hujificha na majibu hutoka safi kwa uongo. Tiba ni ya daktari, dawa tatu au nne kwa pamoja. Mfano wa kawaida ni omeprazoli, gramu 1 ya amoksilini na miligramu 500 za klarithromaisini, mara mbili kwa siku, siku 14. Anayeacha siku ya tano kwa sababu amepata nafuu, au anayegawana dozi na mkewe, anamfundisha bakteria namna ya kuishi na dawa. Wiki nne baada ya kumaliza, rudi upimwe tena.

Chanzo cha pili kinawahusu wabeba mizigo kuliko mtu yeyote humu ndani. Mgongo unauma, unanunua diklopa, yenye diklofenaki ndani, asubuhi moja, jioni moja, kila siku ya kazi. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini zinazuia kemikali za maumivu, na kemikali hizohizo ndizo zinazoliagiza tumbo litengeneze ute wake wa kinga. Mtaani wanasema ukishakula kwanza huna tatizo. Chakula kinapunguza kuchoma kwa papo hapo, hakizuii kidonda, kwa sababu dawa inalifikia tumbo kupitia damu. Ndiyo maana hata sindano ya diklofenaki ya matakoni inaweza kulitoboa tumbo ambalo haikupita. Maumivu ya kawaida jaribu parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, kisha subiri angalau saa sita, visizidi vinane kwa siku. Mwenye ini bovu au mnywaji mkubwa aulize kwanza. Kama mgongo unadai diklofenaki zaidi ya siku chache, unaohitaji kutazamwa ni ule mgongo.

Turudi kwa sahani. Je, wali ule ulikuwa wa leo? Mama lishe, hapa tunawaomba masikio yote. Ndani ya mchele mara nyingi mna mbegu za bakteria fulani ambazo kuchemka hakuziui. Wali ukikaa kwenye joto la Dar es Salaam, nyuzi 30 hivi, mbegu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haifi kwa kupashwa moto. Mlaji anatapika kati ya saa moja na saa sita baadaye, anasema karogwa au gesi imemkataa, kumbe ni kiporo. Wali unaosubiri wateja ubaki wa moto wa kuunguza vidole, zaidi ya nyuzi 60. Uliobaki usiachwe ndani ya sufuria kubwa lililofunikwa, maana katikati yake hubaki vuguvugu usiku kucha. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Huna friji, pika kidogo, pika mara mbili.

Kwenye utumbo mwembamba, mita kama sita, ndiko chakula kinakonyonywa. Kuna kitu kimoja huku kinachowasumbua watu wazima wengi: sukari ya maziwa. Mtoto huzaliwa na kimeng'enya cha kuivunja. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua ukubwani. Wenzetu wa jamii za wafugaji wengi wao wanabaki nacho, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan ulionyesha kwamba badiliko lao la vinasaba si lile la Ulaya, limejitokea hukuhuku kwetu. Kama glasi ya maziwa inakunguruma tumboni na kukuendesha ndani ya nusu saa hadi saa mbili, jaribu nusu glasi pamoja na chakula, au hamia kwenye mtindi, ambao bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Na maharage. Gesi ya kweli sasa, ile yenye haki ya jina lake! Maharage, kunde na choroko zina aina za sukari ambazo hakuna binadamu mwenye kimeng'enya chake. Zinapita nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanazisherehekea na kutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Ndiyo maana maharage ya saa nne usiku yanakujaza asubuhi, si palepale; anayejaa dakika kumi baada ya kula kameza hewa kwa haraka yake na soda yake. Kutoa hewa mara kumi, kumi na tano, hata ishirini kwa siku ni uzima, japo daladala halikubali hoja hiyo.

Maharage hayana haja ya kuachwa, yanataka kupikwa vizuri. Kilo moja, maji lita tatu, yalowe saa nane hadi kumi na mbili. Maji hayo mwaga, usiyapikie, humo ndimo sukari ile imeyeyukia. Suuza, weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo ndipo upunguze moto mpaka yapondeke kwa vidole viwili. Zile dakika kumi si mapambo: maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha na kuharisha ndani ya saa chache, na moto mdogo wa kuvizia hauiondoi. Magadi yanalainisha haraka lakini yanaua vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Na kama hujazoea maharage, anza na vijiko vitatu kwa siku, ongeza taratibu. Baada ya wiki chache bakteria wako huzoea.

Utumbo mpana, mita moja na nusu, ndiyo sehemu isiyo na haraka. Mabaki hukaa humo siku nzima, hata mbili. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji, kwa hiyo kila saa unayobana haja, choo kinakauka zaidi. Tena si lazima kwenda kila siku. Mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, yote ni kawaida ikiwa choo ni laini na hukisukumi kwa kukunja uso. Umbo linasema kuliko hesabu: vidonge kama vya mbuzi ni ukavu, soseji laini ni sawa, uji ni haraka.

Mji huu umetengenezwa kufunga watu choo. Utumbo mpana huamka kwa nguvu nusu saa baada ya kifungua kinywa, na wakati huo wewe uko kwenye gari la Gongo la Mboto umesimama kwa mguu mmoja. Ukifika sokoni choo ni cha kulipia na hakivutii, unabana, baada ya miezi utumbo unaacha kukuita. Amka mapema dakika ishirini, kunywa kitu cha moto, ule chochote, nenda chooni hata kama hujaitwa, dakika tano hadi kumi, simu ibaki kitandani. Kukaa sana chooni na kusukuma ndiko kunakolea bawasiri. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia vizuri. Kama ni cha kukaa, weka kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu, inama mbele.

Nyuzinyuzi unahitaji gramu 25 au zaidi kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, nusu parachichi kubwa kama 7, kikombe cha wali mweupe hakifiki hata 1. Ugali wa dona una pumba zake, sembe imenyang'anywa. Chungwa lina kama 3, lakini tazameni tunavyolila hapa mjini: linamenywa, linakatwa kofia, linanyonywa maji, na makapi yenye nyuzinyuzi zote yanakwenda kwenye mtaro. Kula makapi hayo. Ongeza polepole, na maji yaongezeke pamoja nazo, la sivyo umejaza saruji bila maji. Mkojo wa rangi ya maji ya ndimu ndio kipimo.

Isipotosha, maganda ya isabgol, ambayo ni nyuzinyuzi, yapo kwenye maduka ya viungo: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, unywe mara moja kabla hayajaganda, kisha glasi nyingine. Bisakodili, kidonge cha kuendesha cha miligramu 5, humezwa usiku, hufanya kazi saa 6 hadi 12 baadaye, na isimezwe na maziwa wala dawa ya kuzimua asidi, kwani huvua ganda lake mapema na kukata tumbo. Sanamaki ni dawa halali ya siku chache. Ila hii desturi ya kusafisha tumbo kila mwezi kwa chupa ya mitishamba isiyojulikana ina nini ndani, tumbo halikuiomba. Linajisafisha.

Kuharisha tutakwenda haraka, ila vipimo visikosewe. Kinachoua ni kukauka maji. Paketi moja ya chumvi ya ORS iliyoandikwa lita moja inakwenda kwenye lita moja ya maji safi, yote kwa pamoja. Kosa la mjini ni kuimwaga kwenye chupa ya nusu lita, ikawa kali mno, au kuigawa kwenye vikombe kwa kukadiria. Ikipita saa 24, mwaga. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, mkubwa wake 100 hadi 200, kwa kijiko kama anatapika. Mtoto aongezewe zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma, na aendelee kunyonya na kula. Maji ya dafu ni mazuri kwa kiu, lakini sodiamu yake ni ndogo. Hayachukui nafasi ya ORS. Soda inaongeza kuhara. Flajili ni ya amiba na jiadia, haina kazi kwa kuhara kwingi kwa siku moja mbili, na dawa za kufunga choo hazipewi mtoto kamwe, wala mtu mwenye homa au damu kwenye choo.

Choo kama maji yaliyooshea mchele, kingi na cha mfululizo, ni cha kukimbilia kituo cha afya huku unanywa ORS njiani. Vivyo hivyo macho yakidumbukia, utosi wa mtoto ukibonyea, au mkojo ukikosekana kwa saa sita. Kwa mambo mengine, msilale nayo: kutapika damu au vitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya, kukonda bila sababu, macho ya njano, maumivu yaliyoanza kitovuni yakahamia chini kulia, tumbo gumu kama ubao, na lile banio la kifua lenye jasho tulilolitaja mwanzo.

Kuna vikaratasi vya maswali vimefika mezani. Mmoja anauliza kama choo cheusi cha mjamzito ni hatari. Vidonge vya damu hufanya choo kiwe cheusi au cha kijani iliyokolea, lakini hakinati wala hakinuki kama lami. Akisitasita aende kliniki. Mwingine anauliza kuhusu udongo wa kula. Unafunga choo, unazuia madini ya chuma, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, akapimwe. Wa tatu anauliza: duka limefungwa, ORS hakuna, mtoto anaharisha saa sita usiku, afanye nini?

Lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa. Vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kukata kwa kisu, visiwe vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari, sukari ikizidi kuhara kunaongezeka. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Tatizo ni kwamba vijiko vya majumbani havifanani, na vingine vinavyoitwa vya chai vinashika mara mbili ya mililita 5. Kwa hiyo tumeleta kipimo na jagi la lita moja. Aliyekuja na kijiko chake cha nyumbani asogee hapa mezani tukilinganishe.